Mpangaji, Bayeri na Mwenye Ardhi: Maneno na Sheria ya Upangaji wa Nyumba katika Kivu ya Kusini

Makala haya yanakusudia kueleza mambo mawili ambayo kwa maoni yetu hayatengani: sheria inayomhusu mpangaji wa nyumba ya kuishi katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na maneno ya Kiswahili ambayo kwayo mpangaji huyo huijua sheria hiyo, au hukosa kuijua. Tumechagua mfano wa Lwiro, kaskazini ya Bukavu katika teritwari ya Kabare, kwa sababu mahali pale padogo pamekusanya karibu aina zote za kukaa juu ya mali ya mwingine, na kila aina ina kanuni yake. Atakayezichanganya huenda akalipa mara mbili, au akatolewa nje na watoto wake huku akiamini kwamba haki iko upande wake.

Karatasi ya mkataba, kama inavyojulikana na wengi wa wasomaji wetu waliowahi kutafuta chumba mjini Bukavu, ni ya ukurasa mmoja. Juu pameandikwa kwa Kifaransa kwamba huo ni mkataba wa upangaji, na chini pana nafasi ya sahihi mbili. Lakini mazungumzo yote yaliyotangulia sahihi hizo, yaani idadi ya vyumba, bei, siku ya kuingia, nani atalipa bili ya SNEL na nani atateka maji, yamefanyika kwa Kiswahili au kwa Mashi. Mpangaji humwita mwenye nyumba Papa au Mama, naye huitwa mtoto wangu. Ugomvi ukizuka, yanayohesabiwa ni yale ya karatasi, ilhali yanayokumbukwa na pande zote mbili ni yale ya mdomo.

Hapa msomaji akumbushwe jambo moja la Katiba ya tarehe 18 Februari 2006. Kifungu cha kwanza kinaitambua lugha ya Kifaransa kuwa lugha rasmi, na Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Kiluba kuwa lugha za taifa. Hilo hunukuliwa mara nyingi katika mikutano yetu. Kisichonukuliwa sana ni kifungu cha 142, ambacho kinaiamuru Serikali kuzieneza sheria kwa Kifaransa na kwa kila moja ya lugha nne za taifa katika muda wa siku sitini tangu kutangazwa. Sheria namba 15/025 juu ya upangaji wa nyumba usio wa kibiashara ilitangazwa tarehe 31 Desemba 2015. Siku sitini zake zilitimia mwishoni mwa Februari 2016. Hatuandiki ili kumshitaki mtu kwa ajili ya tarehe hiyo. Swali letu ni la kiistilahi: nakala ya Kiswahili ya sheria kama hiyo inapasa kutumia maneno yapi, ili mpangaji wa Kadutu au wa Lwiro aielewe bila mkalimani?

Kupanga na kupangisha

Tuanze na neno ambalo Kiswahili kinakishinda Kifaransa. Kitenzi cha Kifaransa "louer" hutumika kwa pande zote mbili za mapatano. Mtu akisema kwa Kifaransa kwamba ameifanyia nyumba tendo hilo, msikilizaji hawezi kujua mara moja kama msemaji ndiye anayelala ndani au ndiye anayepokea fedha; lazima atafute dalili nyingine katika sentensi. Kiswahili hakina utata huo. Mwenye kukaa amepanga. Mwenye kupokea amepangisha. Kiambishi cha kusababisha kinagawa wajibu papo hapo, na nomino zake zinafuata: mpangaji na mpangishaji, upangaji na upangishaji. Watafsiri wa sheria za ardhi za Tanzania za mwaka 1999 waliikuta hazina hii tayari, wakaitumia.

Katika Kivu neno kupanga linaeleweka kote, na mupangaji ni neno la kila siku. Upande wa pili, hata hivyo, mpangishaji halisikiki. Watu husema bayeri, kutokana na Kifaransa, au mwenye nyumba, au mwenye parseli. Sisi hatuoni sababu ya kulifukuza neno bayeri. Limekwisha kupata sura ya Kiswahili, linaleta wingi wake bila taabu (mabayeri), na halina doa la dharau. Lakini katika maandishi ya sheria tungependelea mpangishaji, kwa sababu ambayo itaonekana baadaye: si kila anayepangisha ndiye mwenye nyumba, na si kila mwenye nyumba ndiye mwenye ardhi.

Neno kodi ni gumu zaidi. Pwani na Tanzania kodi ni ya serikali na ni ya nyumba pia, na mazingira ya sentensi huamua. Katika Kongo neno hili bado limebeba kumbukumbu ya kodi ya kichwa ya wakati wa Wabelgiji, ambayo ilimtoa mtu kijijini akatafute kazi ya mshahara katika mashamba makubwa. Mzee wa Kabare akisikia kwamba anadaiwa kodi, atadhani kwanza ni serikali. Kwa hiyo kusema kodi peke yake katika mkataba ni kukaribisha shaka. Kodi ya pango ni salama zaidi, au pango tu. (Wanafunzi wetu hucheka wakikumbuka kwamba pango ni la mlimani pia. Wacheke. Maana ya pili haijampoteza mpangaji yeyote.) Mitaani husikika lwaye, na anayetaka kueleweka na wote anaweza kuandika pango, kisha akaongeza: yaani lwaye ya kila mwezi.

Garanti: amana, dhamana au arbuni?

Fedha inayoleta machozi mengi kuliko pango lenyewe ni garanti. Mpangaji, kabla ya kupewa ufunguo, huweka mkononi mwa mpangishaji jumla inayolingana na pango la miezi kadhaa. Sheria ya 2015 iliweka kikomo: kwa nyumba ya kuishi garanti haipaswi kuzidi pango la miezi mitatu. Tuchukue mfano wa nyumba ya dola 50 kwa mwezi, kwa kuwa mjini Bukavu bei za nyumba hutajwa kwa dola. Garanti halali ni dola 150 na si zaidi. Anayedai miezi sita anadai dola 300, naye anadai nje ya sheria, hata kama mpangaji ameitikia na kutia sahihi kwa sababu ya kukosa pengine pa kulala. Juu ya hizo kuna ujira wa komisioneri, yule anayeitwa dalali upande wa mashariki, ambaye si sehemu ya mkataba na ambaye, ufunguo ukishatolewa, haonekani tena.

Je, tuiite nini fedha hii kwa Kiswahili cha sheria? Kamusi zitatupa dhamana. Neno hilo ni zuri, lakini linamwelekeza msikilizaji kwenye mahakama ya jinai, mahali ambapo mtu huwekewa dhamana asikae mahabusu. Wengine watapendekeza arbuni. Hilo lingekuwa kosa kubwa. Arbuni ni fedha ya kufunga mapatano, na desturi ya wafanyabiashara ni kwamba anayejitoa huipoteza. Mpangaji akiambiwa kwamba garanti ni arbuni, ameambiwa kwamba fedha imekwenda.

Tunapendekeza amana. Kila Mswahili anajua kwamba amana hubaki mali ya aliyeiweka, na kwamba aliyewekewa ana deni la kuirudisha kama alivyoipokea. Hiyo ndiyo maana halisi ya garanti katika sheria: siyo malipo, bali ni fedha ya mpangaji iliyo mikononi mwa mwingine, ambayo inaweza kukatwa tu kwa ajili ya pango lisilolipwa au uharibifu uliothibitishwa. Bayeri anayeitumia garanti kumalizia bati la nyumba nyingine, halafu akamwambia mpangaji anayehama asubiri mpaka apatikane mpangaji mpya atakayeleta garanti mpya, ametumia amana ya watu. Kwa Kifaransa tendo hilo linasikika kama kuchelewa kulipa, lakini kwa Kiswahili neno lake ni khiyana.

Itenganishwe pia na malipo ya mbele. Katika miji ya Tanzania wenye nyumba wengi wamezoea kudai kodi ya miezi sita au ya mwaka mzima kwa mkupuo. Fedha hiyo huliwa mwezi kwa mwezi kadiri mpangaji anavyokaa, na mwisho wa muda hakuna cha kurudishwa. Wahamiaji wanaorudi Bukavu kutoka upande huo wakati mwingine huichukulia garanti kwa maana hiyo, na huondoka bila kuidai.

Usemi mmoja wa mjini unastahili kutajwa: kula garanti. Mpangaji aliyepewa taarifa ya kuhama huacha kulipa, akakaa miezi ile ambayo garanti yake inatosha. Ni njia ya kujilinda ya mtu asiye na imani kwamba amana itarudi, na tunaielewa. Lakini inamwacha mpangishaji bila ulinzi iwapo mlango umevunjwa au bili imebaki, na mbele ya hakimu inaweza kuonekana kuwa ni pango lisilolipwa. Dawa yake iko mwanzoni, siyo mwishoni: karatasi ya pili, iliyoandikwa siku ya kuingia, inayoorodhesha hali ya kila chumba, kitasa, kioo na bomba, ikatiwa sahihi na wote wawili. Bila orodha hiyo kila ufa wa ukuta ni wa mpangaji.

Mwenye nyumba si mwenye ardhi

Waingereza humwita mpangishaji kwa jina lenye maana ya bwana wa ardhi. Katika Kongo jina hilo lingekuwa uongo. Sheria ya Bakajika ya tarehe 7 Juni 1966 iliirudishia Serikali ardhi iliyokuwa imegawiwa wakati wa ukoloni, na sheria ya ardhi namba 73-021 ya tarehe 20 Julai 1973, katika kifungu chake cha 53, ikatamka kwamba udongo ni mali ya Serikali peke yake, isiyouzika wala isiyopotea kwa kupitwa na muda. Raia hupewa haki ya kuutumia, ambayo huitwa konsesyo: ya kudumu kwa raia wa Kongo, au ya muda maalumu kwa wengine. Kuta na paa vinaweza kuwa vyake. Udongo chini yake hapana. Na haki hiyo yote husimama juu ya hati moja, cheti cha usajili kinachotolewa na mhifadhi wa hati za ardhi.

Kwa hiyo jina mwenye nyumba ni sahihi kuliko wengi wanavyodhani. Anamiliki nyumba. Msomaji wa pwani hatashangaa, kwa kuwa Mombasa imejua kwa muda mrefu nyumba bila ardhi: mtu hujenga nyumba yake ya Kiswahili yenye vyumba vya kupangisha, naye mwenyewe humlipa mwenye kiwanja pango la ardhi. Yule ambaye wapangaji wake humwona kuwa ni tajiri wa mtaa ni mpangaji pia, na akifukuzwa yeye, wanafukuzwa wote.

Hilo ndilo hatari ya kwanza ambayo mpangaji wa Bukavu hapimi. Mji ule umejaa parseli zenye makaratasi ya ngazi tofauti: mwenye cheti cha usajili, mwenye mkataba wa muda wa ardhi alioupata kwenye ofisi ya ardhi, mwenye karatasi ya mauzo iliyotiwa sahihi na majirani tu, mrithi mmoja kati ya ndugu saba ambao hawajagawana. Wote hupangisha. Mkataba wa mpangaji hauwezi kuwa na nguvu kuliko haki ya aliyempangisha. Kumwuliza Papa bayeri kwa adabu, kabla ya kutoa amana, ni karatasi gani inayompa parseli, si utovu wa heshima. Na kama ni mali ya urithi, ndugu wengine nao watie sahihi.

Lwiro: aina tatu za kukaa

Tuje Lwiro yenyewe. Mwaka 1947 Wabelgiji waliunda taasisi ya utafiti wa sayansi katika Afrika ya Kati, IRSAC, na makao yake makuu yakajengwa hapo, chini ya milima ya Kahuzi. Leo ni kituo cha utafiti wa sayansi za asili, CRSN-Lwiro, chenye maktaba na maabara, na jirani yake kina kituo cha kutunza sokwe yatima kilichoanza mwaka 2002. Pamoja na maabara zilijengwa nyumba za watumishi, za matofali, zenye bustani. Nje ya eneo la kituo zipo nyumba za wenyeji, ambazo baadhi ya vyumba vyake hupangishwa kwa walimu, wauguzi na wanafunzi. Na nje ya hizo yapo mashamba, ambayo mengi yake hayalimwi na wale wanaohesabiwa kuwa ni wenyewe.

Mtu anayekaa katika nyumba ya kazi si mpangaji, hata kama kiasi fulani hukatwa katika mshahara wake. Haki yake inatokana na ajira. Ajira ikikoma, kwa uzee, kwa kuhamishwa au kwa kifo, msingi wa kukaa kwake umekoma, na sheria ya 2015 haimsaidii kwa namna ambayo ingemsaidia jirani yake aliyepanga. Hapa ndipo maumivu yalipo. Mtafiti amekaa miaka thelathini katika nyumba ile. Watoto wamezaliwa humo. Mishahara ilipokuwa haifiki, yeye mwenyewe alinunua bati na kupaka rangi. Akifa, mjane huambiwa kwamba nyumba ni ya Serikali. Naye hujibu, kwa Kiswahili chake chenye mantiki kamili: tumekaa hapa, tumeitengeneza, ni nyumba yetu. Wote wawili hutumia neno nyumba, na kila mmoja anazungumzia uhusiano tofauti. Tungependa kuona neno nyumba ya kazi likiandikwa wazi katika barua ya kumpa mtumishi ufunguo, pamoja na muda ambao familia itaruhusiwa kubaki baada ya ajira kukoma, na namna ya kufidia matengenezo aliyoyafanya kwa idhini. Barua isiyotaja mambo hayo huyaacha yaamuliwe siku ya msiba.

Aina ya pili, chumba cha kupanga kijijini, ndiyo inayoangukia chini ya sheria tuliyokwisha kuieleza. Aina ya tatu ni ya shamba, na hapa Kiswahili cha sheria kina mengi ya kujifunza kutoka Mashi. Bashi hutofautisha kwa maneno kile ambacho Kiswahili cha mjini kinakiita kukodi shamba. Kalinzi ni haki ya kudumu: mtu alimpa Mwami, au mkubwa aliye chini yake, ng'ombe au mali nyingine, akapokea ardhi ambayo yeye na warithi wake wangeitumia kizazi hata kizazi, mradi uaminifu kwa aliyewapa haujavunjika. Bwasa ni ya muda mfupi: msimu mmoja au mwaka, kwa mazao ya haraka kama maharagwe na mtama, na malipo yake yalikuwa pombe, siku za kazi au sehemu ya mavuno, siku hizi fedha. Mwenye bwasa haruhusiwi kupanda migomba wala miti. Sababu yake ni ya kisheria hasa: mgomba unakaa miaka mingi, na aliyepanda mgomba amedai kukaa. Pana pia obuguli, ununuzi wa ardhi mbele ya mashahidi, uliopata nguvu wakati wa ukoloni.

Mwanasheria wa Bukavu angeweza kusema kwamba mila hizi zimekwisha, kwa kuwa kifungu cha 387 cha sheria ya 1973 kiliziingiza ardhi za jamii za wenyeji katika ardhi ya Serikali. Lakini kifungu cha 389 kiliahidi kwamba haki za wenyeji juu ya ardhi hizo zingepangwa kwa amri ya rais, na miongo ilipita bila amri hiyo kutolewa. Katika pengo hilo watu wa Kabare waliendelea kutoa kalinzi na kulima bwasa, ilhali wenye elimu na fedha walikwenda ofisi ya ardhi kuchukua vyeti juu ya mashamba yaleyale. Mkulima ambaye babu yake alitoa ng'ombe akajikuta anaambiwa na mwenye cheti kwamba amekuwa mpangaji tu, tena wa msimu. Kwa neno moja, kukodi, kalinzi iligeuzwa bwasa. Kwa hiyo tunasisitiza kwamba mtafsiri asiyapoteze maneno haya mawili katika neno moja la Kiswahili. Yaandikwe kama yalivyo, yaelezwe katika mkataba, kwa sababu ndani yake mna muda, malipo na ruhusa ya kupanda.

Taarifa ya kuhama

Turudi kwenye nyumba. Mpangishaji anayetaka nyumba yake lazima atoe taarifa kabla, ile inayoitwa preavi, na kwa nyumba ya kuishi muda wake ni miezi mitatu. Taarifa ni maandishi yenye tarehe. Kumwambia mama wa nyumba kisimani kwamba mwisho wa mwezi mtoke hakuhesabiki. Hali kadhalika hakuna preavi inayompa bayeri ruhusa ya kung'oa mlango, kuezua bati au kukata umeme ili mpangaji achoke mwenyewe. Nyumba iliyopangwa ni makazi ya mpangaji, na kifungu cha 29 cha Katiba kinasema kwamba makazi ya mtu hayaingiliwi ila kwa namna iliyowekwa na sheria. Ugomvi hupelekwa kwanza, kwa kawaida, kwenye ofisi ya serikali ambayo watu wote huiita Habitat, ili upatanishwe, na ukishindikana huenda mbele ya hakimu wa Tribunal de Paix.

Wajibu wa mpangaji nao usisahauliwe. Amri ya tarehe 30 Julai 1888 juu ya mikataba, ambayo ndiyo mzee wa sheria zetu zote za mapatano, inamtaka atumie nyumba kama "baba mwema wa familia". Usemi huo wa Kirumi ukitafsiriwa neno kwa neno unachekesha kidogo, hasa mpangaji akiwa ni mwanafunzi wa kike wa miaka ishirini. Kiswahili kina njia fupi: aitumie kama yake. Na asiwapangishe wengine vyumba bila idhini.

Matukio ya mwaka 2025 yaliyapima haya yote. Bukavu ilipotwaliwa na M23 katikati ya Februari mwaka huo, mabenki yalifungwa, na watumishi waliokuwa wakipokea mshahara kwa njia ya benki wakakosa cha kulipia pango. Wengine walikimbia wakaacha vyombo ndani. Wapangishaji nao, ambao wengi ni wajane na wastaafu wanaoishi kwa pango hilo hilo, hawakuwa na pa kudai. Kanuni za mikataba zinajua udhuru wa nguvu zisizozuilika, lakini mkataba wa ukurasa mmoja haukusema lolote juu ya benki iliyofungwa, wala juu ya mpangaji aliyevuka mpaka usiku. Tunadhani mkataba wa Kivu unahitaji kifungu cha jambo hilo kuliko vifungu vingi vinavyonakiliwa kutoka vitabu vya Ulaya.

Rasimu

Amri ile ile ya 1888, katika kifungu cha 33, inasema kwamba mapatano yaliyofanywa kwa halali ni sheria kwa waliopatana. Hakuna kinachowazuia watu wawili kupatana kwa Kiswahili. Kwa kuwa lugha rasmi ni Kifaransa, njia ya busara ni karatasi yenye safu mbili, kila lugha upande wake. Kwa ajili ya safu ya Kiswahili tunatoa hapa vifungu vichache, ili wenzetu wa lugha na wa sheria wavisahihishe.

Juu ya haki ya mpangishaji: "Mpangishaji anatamka kwamba nyumba hii ni yake kwa karatasi ifuatayo, ambayo mpangaji ameiona kwa macho yake." Baada ya maneno hayo iandikwe aina ya karatasi, namba na tarehe.

Juu ya garanti: "Mpangaji ameweka amana (garanti) inayolingana na pango la miezi mitatu. Amana ni mali ya mpangaji. Mpangishaji atairudisha siku ya kukabidhiwa ufunguo, akikata tu pango lililobaki na uharibifu usiokuwamo katika orodha ya hali ya nyumba."

Juu ya vita na msukosuko: "Ikiwa mpangaji amezuiwa kulipa kwa sababu ya vita, kufungwa kwa benki au kukimbia, mpangishaji hatafungua nyumba wala kugusa vyombo kabla ya miezi mitatu kupita, na baada ya hapo atafanya hivyo mbele ya mkubwa wa mtaa na majirani wawili, kwa orodha iliyoandikwa. Pango la miezi hiyo litakatwa kwanza katika amana." Kifungu hiki kitabishaniwa, hasa muda wake. Mpangishaji maskini ataona ni mrefu; aliyekimbia ataona ni mfupi. Sisi tumechukua miezi mitatu kwa sababu ndiyo kadiri ya amana, kwa hiyo hakuna upande unaobeba hasara peke yake.

Na juu ya lugha yenyewe: "Mkataba huu umesomwa kwa sauti, kwa Kiswahili, mbele ya pande zote mbili na mashahidi wao, kabla ya kutiwa sahihi." Usomaji huo huchukua kama dakika kumi. Ziandikwe nakala mbili, kila moja iwe na tarehe, na mpangaji aondoke na ya kwake siku hiyo hiyo.